Sanduku Lina Makufuli Matatu, Faili Lina Moja

Mada iliyowasilishwa kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Ipogolo, Manispaa ya Iringa



 Tunafahamu kwamba hapa, penye barabara kuu iendayo Mbeya, saa moja ya mchana ina thamani yake kwa muuza vitunguu, kwa fundi gereji na kwa mama lishe vilevile. Kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye mada yetu, nayo ni hii: faili la kompyuta linalokokotoa fedha zenu, hasa pale ambapo njia ya kukokotoa imefichwa na kufungwa kwa nywila.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi limehamia kwenye kompyuta. Mweka hazina anajaza hisa, mikopo, marejesho na faini katika lahajedwali, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa jina la Excel. Mara nyingi faili hilo limetengenezwa na mhasibu, na kijana wa steshenari, au na mwanachama mwenye ujuzi wa kompyuta. Mweka hazina akibonyeza kitufe kimoja, faili linatoa deni la kila mtu, faini ya kila mchelewaji na gawio la kila hisa. Kazi iliyokuwa ikichukua usiku mzima inakwisha kabla chai haijapoa. Hilo ni jambo jema, wala hatukuja kulipinga. Tumekuja kuuliza swali moja: katika kikundi chenu, ni nani anayejua kitufe kile kinafanya nini?

Makro ni nini

Nyuma ya kitufe kile kuna makro. Makro ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua: chukua kiasi cha mkopo, zidisha kwa riba, gawanya kwa idadi ya miezi, andika jibu hapa. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya kompyuta, na maandishi yake huitwa msimbo. Katika Excel, lugha hiyo imekuwapo tangu mwaka 1993.

Kanuni ya kawaida iliyomo ndani ya seli unaweza kuiona ukibofya seli hiyo. Makro haionekani hivyo. Unachokiona ni jibu lake tu, limeandikwa kama namba iliyojazwa kwa mkono. Ndiyo maana mtu anaweza kulitumia faili kwa miaka mitatu bila kujua kwamba lina makro ndani.

Zipo dalili rahisi za kuitambua. Faili la Excel ambalo jina lake linaishia na herufi xlsx haliwezi kubeba makro. Linaloishia na xlsm linaweza, na kadhalika yale ya xlsb na ya zamani ya xls. Faili lenye makro likifunguliwa, mara nyingi hutokea ukanda wa njano juu ya laha wenye onyo la usalama. Aidha, ukibonyeza kitufe cha Alt pamoja na F11, hufunguka dirisha ambamo msimbo huandikwa. Ukilikuta dirisha hilo linadai nywila kabla ya kukuonyesha msimbo, basi tambua kwamba msimbo huo umefungwa.

Namna tatu za kuficha, na uwezo wa kila moja

Mtengenezaji wa faili ana njia kadhaa za kuficha kazi yake. Tutazieleza tatu, kwa kuwa watu huzichanganya, na kuzichanganya kunaleta hasara.

Ya kwanza ni kuficha laha. Laha yenye viwango vya riba inaweza kuondolewa machoni, na anayejua menyu akairejesha kwa mibofyo miwili. Ipo pia namna ya ndani zaidi, ambapo laha haitokei hata katika orodha ya laha zilizofichwa, na hurejeshwa kupitia dirisha la msimbo peke yake. Laha iliyofichwa hivyo inaendelea kufanya kazi. Kanuni zote zinaisoma kama kawaida.

Ya pili ni kufunga msimbo kwa nywila. Mtengenezaji anaingia katika dirisha la msimbo, anachagua kuzuia usionekane, anaandika nywila mara mbili, anahifadhi faili na kulifunga. Faili likifunguliwa tena, msimbo hauonekani pasipo nywila hiyo. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa sababu ndipo penye kiini cha mada yetu. Kufuli hili huzuia kuona. Halizuii kufanya kazi. Makro iliyofungwa huendelea kukokotoa riba na kukata faini kama ile iliyo wazi. Vilevile, kufuli hili ni dhaifu. Msimbo wenyewe haugeuzwi kuwa maandishi yasiyosomeka. Programu inauliza nywila tu kabla ya kuuonyesha, na kwa mtu mwenye nia na ujuzi kizuizi hicho si kikubwa. Ni kama pazia la mlangoni: mgeni mwenye adabu hupiga hodi, mwizi hupita.

Ya tatu ni kulifunga faili zima kwa nywila ya kulifungulia. Hii ni tofauti kabisa na hizo mbili. Tangu toleo la mwaka 2007, Excel hulifanyia faili la namna hii usimbaji fiche wenye nguvu, yaani yaliyomo hugeuzwa yasisomeke pasipo nywila. Ni ulinzi wa kweli, na kwa sababu hiyohiyo una hatari ya kweli: nywila ikisahaulika, hata kampuni iliyotengeneza programu haiwezi kuwarudishia.

Basi mtu akiwaambia kwamba fedha zenu ziko salama kwa sababu msimbo una nywila, muulizeni anazungumzia nywila ipi. Inayofunga msimbo hailindi majina yenu, namba zenu za simu wala kumbukumbu za mikopo yenu. Yote hayo yako kwenye laha, na kila mwenye nakala ya faili anayaona.

Mstari mmoja, shilingi 198,000

Huenda mtu akauliza: msimbo ukifichwa, mimi mkopaji nina hasara gani? Tuchukue mfano.

Mwanachama anakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na anaambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Maneno hayo yanaweza kukokotolewa kwa njia mbili, na zote mbili zikaitwa asilimia 3.

Njia ya kwanza inatoza riba juu ya mkopo wote wa awali, mwezi hadi mwezi, hata baada ya mkopaji kurejesha sehemu kubwa ya deni. Asilimia 3 ya shilingi 1,200,000 ni shilingi 36,000. Mara miezi 12, riba ni shilingi 432,000. Mkopaji atarejesha shilingi 1,632,000, yaani shilingi 136,000 kila mwezi.

Njia ya pili inatoza riba juu ya salio linalopungua. Mkopaji anarejesha shilingi 100,000 za deni kila mwezi, na riba inapigwa juu ya kilichobaki: mwezi wa kwanza shilingi 36,000, wa pili shilingi 33,000, wa tatu shilingi 30,000, hadi mwezi wa mwisho shilingi 3,000. Ukijumlisha, riba yote ni shilingi 234,000, na jumla ya marejesho ni shilingi 1,434,000.

Tofauti ni shilingi 198,000. Katika msimbo, tofauti hiyo inaweza kuwa mstari mmoja tu wa maandishi. Kwenye laha, hakuna anayeweza kuiona, kwa kuwa juu pameandikwa asilimia 3 tu.

Hata kiasi kidogo hukua. Tuseme msimbo unaongeza shilingi 400 katika kila rejesho kwa kisingizio cha kuondoa sarafu ndogondogo. Nani atagombana kwa shilingi 400? Lakini kikundi cha wakopaji 40, kila mmoja akiwa na marejesho 12, kitakuwa kimetoa shilingi 192,000 ambazo hazikuamuliwa na kikao chochote.

Hatusemi kwamba kila aliyefunga msimbo ameficha wizi. Mara nyingi kilichofichika humo ni kosa la kawaida la mwandishi mwaminifu, ambalo halikuonekana kwa sababu halikupata jicho la pili. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya mataifa, na serikali za nchi kubwa zikaurejea katika mijadala yao. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, aliomba lahajedwali lao, akapewa. Alipolifungua, akakuta miongoni mwa makosa mengine kwamba kanuni ya wastani ilikuwa imeziacha nchi tano nje ya hesabu. Wasomi walikosea, na mwanafunzi akaona, kwa sababu alipewa faili lililo wazi. Kama lingekuwa limefungwa, kosa hilo lingeendelea kuheshimiwa.

Siri inayokubalika na isiyokubalika

Tuwe waadilifu pia kwa mtengenezaji wa faili. Anazo sababu halali za kuufunga msimbo. Huenda ametumia wiki kadhaa kuuandika, na anauza kazi hiyo kwa vikundi vingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa. Huenda pia anaogopa kwamba mweka hazina, katika kupapasa, atafuta mstari na kuharibu hesabu nzima. Kwa hofu hiyo kufuli linafaa sana.

Lakini yapo mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: jinsi maagizo yalivyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, na jinsi fedha inavyokokotolewa. La kwanza linaweza kuwa siri ya mwandishi. La pili haliwezi kuwa siri mbele ya mwenye fedha. Seremala wa Mufindi anaweza kukuficha namna anavyounganisha mbao zake. Hawezi kukuficha urefu na upana wa ubao anaokuuzia.

Sheria za nchi ziko upande wenu katika hilo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia wanaopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama hivi vyenu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze wazi gharama na masharti. Jibu la "ndivyo kompyuta inavyosema" halitoshi. Kompyuta haikujipangia riba. Kuna mtu aliyeipangia.

Hata hivyo, tunawaasa msijaribu kuvunja nywila ya faili la mtu mwingine, hata mkiwa na mashaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini. Ombeni maelezo kwa maandishi. Msiporidhika, pelekeni lalamiko kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kisha kwa msimamizi wake: vikundi vya kijamii kupitia ofisi ya halmashauri, SACCOS kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na wakopeshaji wengine kupitia Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi jijini Mbeya.

Ufunguo usiwe wa mtu mmoja

Sasa turudi kwenye vikundi vyenu wenyewe, maana hatari kubwa zaidi haitoki kwa mkopeshaji wa mbali. Wengi wenu mna sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na mweka hazina si miongoni mwao. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wafike mbele ya kikao. Utaratibu huo umewalinda kwa miaka mingi, hata mahali ambapo benki ilikuwa mbali.

Faili la hesabu, ambalo ndilo linalosema nani ana nini ndani ya sanduku, lina kufuli moja, na ufunguo wake uko kichwani mwa mtu mmoja. Je, akihamia Njombe kikazi? Akiugua? Akigombana na kikundi wiki moja kabla ya mgao? Fedha zitakuwapo sandukuni, na watu watatu watalifungua kwa heshima zote, lakini hakuna atakayejua kwa uhakika ya nani ni kiasi gani. Kikundi huweza kuvunjika hapo, bila shilingi moja kuibwa.

Kwa hiyo tunashauri mambo yafuatayo. Hakuna hata moja linalohitaji fundi wa kompyuta.

1. Nywila zote za faili ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kusainiwa na viongozi watatu mgongoni, kisha iwekwe ndani ya sanduku lenye makufuli matatu. Nywila ikibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe.

2. Mkiagiza faili, mkubaliane kwa maandishi kabla ya kulipa: nani ni mwenye msimbo, nani ataurekebisha, na kikundi kitapataje nakala ambayo msimbo wake uko wazi. Nakala hiyo ihifadhiwe kwenye flashi ndani ya sanduku. Inayotumika kila siku inaweza kubaki imefungwa.

3. Mtengenezaji atoe karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili: riba inapigwa juu ya nini, faini inaanza siku ya ngapi, kiasi kinakadirishwa kwenda juu au chini, na gawio linagawanywaje. Karatasi isomwe kikaoni na ikubaliwe, kisha iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

4. Faili lijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Chukueni mkopo wa mfano tulioutoa leo, uingizeni kwenye faili, na mlinganishe jibu na hesabu ya mkono. Rudieni jaribio kila mwanzo wa mzunguko, na kila mara faili linaporekebishwa.

5. Kitabu cha mwanachama kisiachwe. Kila hisa na kila rejesho liandikwe humo siku ileile. Faili na kitabu vikitofautiana, kikao kitafute sababu kabla ya fedha kutolewa.

6. Faili lenye majina, simu na namba za vitambulisho lifungwe kwa nywila ya kulifungulia, na lisiachwe kwenye kompyuta ya steshenari baada ya kuchapisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azitunze.

7. Msiruhusu makro katika faili lililotoka kwa mtu msiyemjua, hata kama limepewa jina la fomu ya mkopo au orodha ya wanufaika. Mwezi Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kupitia makro iliyofichwa ndani ya hati ya kawaida iliyotumwa kwa barua pepe. Kwa sababu ya hatari za namna hiyo, mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzizuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti. Kizuizi hicho kikitokea kwenye kompyuta yenu, msikimbilie kukiondoa.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Ndugu zetu, kabla ya kusaini mkopo wowote, au kabla ya kukubali mgao wa mwaka, ulizeni maswali matatu. Riba hii inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya salio? Naweza kupewa ratiba ya marejesho iliyochapishwa, yenye jumla yote nitakayolipa? Na hesabu hii, aliyeitengeneza akiwa hayupo, ni nani mwingine anayeweza kuirudia kwa kalamu na karatasi?

Swali la tatu likikosa jibu, subirini kwanza. Fedha mliyoipata kwa kupakia mbao, kuuza nyanya na kukesha gereji inastahili hesabu ambayo mtoto wenu wa darasa la saba anaweza kukaa nanyi jioni na kuihakiki. Kompyuta iharakishe kazi hiyo, na msimbo wake ufungwe ikibidi. Hesabu yenyewe ibaki wazi, kama sanduku linavyofunguliwa mbele ya wote.